Daftari Alilotia Saini Bibi

Kitabu kilinuka gundi na vumbi la kabati la darasani, na kabla hajaniruhusu nikifungue, Bibi alikishika kwa mikono miwili, akakinusa mgongoni pale kurasa zinapokutana, kisha akanirudishia. Ndivyo alivyofanya kwa kila kitu kilichoingia nyumbani mwetu: mkate, maziwa, hata barua za serikali ambazo Baba alizichana bahasha akiwa bado mlangoni. Chini ya nyumba yetu palikuwa na duka la chipsi, na harufu ya mafuta ya samaki ilipanda ngazi ikakaa kwenye mazulia na makoti yetu, kiasi kwamba shuleni nilijulikana kwa harufu hiyo kabla sijajulikana kwa jina. Nikiyakumbuka majira yale ya baridi kule Thornton Heath, nikiwa na miaka kumi, kinachonijia kwanza ni ile gundi, na cha pili ni hasira. Watu huniambia kwamba nikizungumzia utoto wangu sauti yangu huwa ya huzuni. Hawajanisikiliza vizuri. Nina hasira, na nimekaa nayo miaka mingi kuliko nilivyokaa na mume.

Bibi, mama yake Baba, alikuja kutoka Chake Chake mwezi wa Oktoba kwa viza ya miezi sita, akiwa na sanduku moja na mfuko wa dawa. Baba aliondoka Zanzibar akiwa kijana, katika miaka ile ambayo watu waliondoka bila kuaga, na alipompokea mama yake uwanja wa ndege alikuwa mtu mzima mwenye kipara na tai, karani wa ofisi, aliyezoea kuomba radhi kwa kila mtu aliyepishana naye kwenye ngazi. Mama yangu alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya mchana, na alirudi nikiwa nimeshalala. Kwa hiyo kuanzia nitoke shule mpaka Baba arudi kutoka kazini tulikuwa wawili tu, mimi na Bibi. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, kwa kuwa babu anahesabiwa kuwa mume wa wote wawili. Babu alikuwa ameshafariki, lakini utani haukuzikwa naye. "Mke mwenzangu, umechelewa, mume kakuulizia," alisema nikiingia, nami nilimjibu kwamba mume asubiri kwanza nivue viatu.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa: hadithi haitolewi mchana. Anayetoa hadithi jua likiwaka huota mkia, na Bibi aliapa kwamba alimjua mwanamke mmoja wa mtaa wao aliyeanza kukaa upandeupande, na kila mtu akajua kwa nini. Kwao Pemba alisubiri mpaka watu wamekwisha kusali magharibi. Sasa alipofika London na kuona jua la Novemba likizama saa kumi na kitu, watoto bado wako njiani na sare zao, taa za barabarani zinawaka, alisimama dirishani akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Nchi hino Mungu kawapa giza la bure," alisema, "na wao wanalifukuza kwa taa." Tangu siku hiyo, tulipomaliza kusali alichemsha chai ya maziwa, akaninyooshea mguu wake wa kushoto niuegemee, akasema haya, toa.

Kitabu chenyewe nilikipata shuleni. Mwalimu wetu wa darasa alianzisha mashindano ya kusoma kwa msimu wa baridi. Kila mtoto achague kitabu kinene, akisome nyumbani kila siku, aandike kwenye daftari dogo la bluu idadi ya kurasa alizosoma, na mtu mzima wa nyumbani aandike maoni yake pembeni na kutia saini. Atakayekuwa amesoma zaidi mpaka likizo fupi ya Februari atasimama ukumbini mbele ya shule nzima na wazazi, asome kwa sauti ukurasa anaoupenda. Nilikitamani kile kisimamo kwa namna ambayo sijatamani kitu tena. Niliingia shule ile na Kiingereza cha kuombea maji na cha kuombea choo, wakaniweka meza ya nyuma pamoja na watoto waliohitaji msaada, na ilinichukua miaka mitano kusogea mpaka meza ya katikati. Nilitaka wote wanione nimesimama na kitabu mkononi, na Bibi awe amekaa mstari wa mbele na mtandio wake wa kijani.

Kilikuwa kitabu cha watoto cha mambo ya ajabu, cha kusomwa na familia nzima, hakina damu wala cha kumtisha mtu. Kulikuwa na binti wa mwenye kinu cha kusagia ngano, kinu kinachoendeshwa na maji. Asubuhi moja anaamka na mto haupo. Umeacha mawe, matope, na samaki wameduwaa, umekwenda zake, kwa sababu watu wa kijiji wameuudhi na hakuna anayekumbuka wameuudhi kwa lipi. Binti anafunga safari kuutafuta, akifuatana na bata bukini mmoja mzee anayelalamikia miguu yake njia nzima. Wanapita kwenye soko ambako ngurumo huuzwa kwa kupimwa. Wanapita kwenye mlima uliosahau jina lake, unaomsimamisha kila mpita njia ukimwomba aubahatishie. Mpaka leo nikiandika haya mdomo unanicheka wenyewe. Nilikuwa nasoma sentensi ya Kiingereza kimoyomoyo na kuitoa kwa Kiswahili papo hapo, na ninapokwama neno nilimweleza Bibi kitu chenyewe, naye alinipa jina lake. Nikiruka mistari aliniona kwenye macho. "Hapo umeruka," alisema. "Rudi. Bata kasema nini?"

Waandishi wa kitabu walitumia kurasa mbili kueleza kilichoupata ule mto. Bibi alitumia neno moja. "Umesusa," alisema, akapiga paja. "Mto umesusa, na una haki. Watu gani hao wanatuma mtoto na bata, badala ya kwenda wazee wakautaka radhi?" Kuanzia hapo alikuwa upande wa mto na hakuna aliyeweza kumgeuza. Yule bata alimpenda kupita kiasi, akamwita Bi Mkubwa, na binti alipomkaripia bata kwenye sura ya nne, Bibi alikataa tusiendelee mpaka nimeisoma tena ile aya kwa sauti ya adabu zaidi. Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, vingine vya wakubwa, vingine vya kupewa cheti. Sijawahi tena kusoma kitabu na mtu aliyekiamini namna ile. Alikuwa akigeuka kutazama mlangoni ngurumo zinapouzwa.

Sasa daftari. Jioni ya kwanza nilimweleza Bibi kwamba pale pembeni mtu mzima anamwandikia mwalimu maoni yake, kisha anatia saini. Niliona anakaa sawa. Alivuta miwani, akaomba kalamu ya wino, akakataa ya risasi. Bibi hakwenda shule ya serikali hata siku moja, lakini alisoma chuoni, chuo cha Kurani, mpaka akahitimu, na kwa ujana wake wote aliandika barua za wanawake wa mtaa ambao waume zao walikuwa Mombasa au Arabuni. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazazi wake na wazazi wa wazazi wake, kutoka kulia kwenda kushoto, mkono mwepesi, wino haukatiki. Nilimwambia, "Bibi, mwalimu wetu Mwingereza." Alinitazama juu ya miwani. "Si mwalimu?" "Ni mwalimu." "Mwalimu wa skuli kubwa namna hiyo atashindwa kusoma barua?" Hakukuwa na dharau wala mzaha katika swali lile. Kwa Bibi, mtu huanza na herufi hizo ndipo akaenda kwenye nyingine, na haikumwingia akilini kwamba mtu anaweza kuitwa mwalimu bila kuzipitia.

Nami nilimwacha aandike. Ningemfanya nini? Nilijua herufi zile, maana Jumamosi nilikwenda chuoni, lakini nilizijua zikiwa zimevishwa alama zake zote juu na chini, zimenyooka kwenye msahafu. Mwandiko wa Bibi ulikuwa mtupu na wa haraka, sikuweza kuufuata hata nusu mstari. Nilimwuliza ameandika nini. "Ya watu wazima," alijibu, "mwalimu atasoma." Kila jioni aliandika mstari mmoja, siku nyingine mitatu, na chini akaweka jina lake. Ijumaa madaftari yalikusanywa, na mwalimu msaidizi aliyapitia harakaharaka, akahesabu kurasa na kubandika nyota ya dhahabu bila kuinua kichwa. Nilipoirudisha nyumbani ile nyota, Bibi aliigusa kwa kidole. "Kajibu," alisema, ameridhika. "Mwalimu wako mtu wa maneno machache."

Zikaja nyota, wiki kwa wiki, Desemba na Januari. Nilikuwa nimesoma kuliko wote darasani, nilihesabu mwenyewe, na yule aliyenifuata alikuwa nyuma kwa kurasa zaidi ya mia. Tulikuwa tumebakiza sura tatu. Binti na bata wameuona mto kwa mbali, umejikunja bondeni, haujageuka. Bibi alinikataza nisitangulie kusoma peke yangu, na sikutangulia, ingawa kitabu kilikuwa chini ya mto wangu wa kulalia. Hilo nalo ninalihesabu katika mambo ninayoyakasirikia.

Wiki ya mwisho kabla ya likizo mwalimu wa darasa aliyachukua madaftari mwenyewe ili amteue mshindi. Aliniita mezani kwake wakati wenzangu wanavaa makoti. Aliuliza nani aliandika hapa. Nilisema Bibi yangu. Aliuliza haya ni maandishi ya lugha gani, nikasema Kiswahili. Alitabasamu, akasema ameshaona Kiswahili kimeandikwa kwenye bango la kliniki na hakifanani hata kidogo na haya. Alisema hakasiriki, ila anataka niseme ukweli. Nikarudia. Aliuliza kama nimesoma kweli kitabu hiki, akaniambia nimweleze habari ya mlima. Nikamweleza, lakini nikamweleza mlima wa kwetu, ule tuliotengeneza mimi na Bibi, ambao unawaita wapita njia kwa heshima na kuuliza habari za watu wao kabla ya kuomba jina. Alifungua ukurasa, akaona mlima wa kitabu hauna adabu hiyo, akakifunga. Siku ya pili akampigia simu Baba.

Baba aliomba ruhusa kazini. Alikuja na koti la mvua na tai yake, tukakaa watatu kwenye vile viti vidogo vya darasani, magoti ya Baba yakimfika kifuani. Mwalimu aliongea polepole, kama mtu anayemwongelesha mgonjwa. Alisema watoto hudanganya kidogo wakitaka sana kushinda, si dhambi, ila ni vizuri nyumbani na shule wakasema neno moja. Akampa Baba daftari. Baba alilipokea na kulifungua kutoka nyuma, mkono wake ukafanya hivyo wenyewe. Nilikuwa namtazama mdomo. Ulikuwa unatikisika. Alikuwa anasoma. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine, akafika ule ulioandikwa mwisho na kukaa hapo muda mrefu. Katika jengo lile lote, pengine katika mtaa mzima, yeye ndiye mtu pekee aliyeweza kusoma kilichoandikwa, na nilifurahi mno, nilihisi mgongo unanyooka. Niliona yamekwisha. Nikasema, "Mwambie, Baba. Mwambie ni Bibi."

Mwalimu alimgeukia. "Kuna mtu mzima aliyeandika haya?"

Baba alifunga daftari. Alikuwa na tabasamu lake lile la kwenye ngazi. "I'm so sorry, Miss," alisema. "It's nothing. Alikuwa anachezea kalamu tu, ni michoro ya mtoto."

Nakumbuka kwamba sikulia. Mwalimu alisema asante kwa kuelewana, akasema mshindi atakuwa mwenzangu, akasema kwa sasa ni afadhali nirudi kwenye kundi lenye msaada zaidi mpaka imani ijengeke. Kitabu kikabaki mezani kwake. Akaongeza kwamba ingesaidia sana kama nyumbani tungeongea Kiingereza peke yake, kwa sababu ni wazi mambo mawili yanamchanganya mtoto. "Of course," Baba alijibu. Kitu kama hicho mtu hukijibu haraka hivyo akiwa ameshaamua kabla ya kuulizwa. Njiani kurudi alinishika mkono, nami nilihesabu mistari ya lami ili nisimng'ate.

Nyumbani aliingia jikoni kwa Bibi akiwa bado na koti. Nilisimama kizingitini. "Mama," alisema, "naomba usiandike tena kwenye daftari la mtoto."

Bibi alikuwa anakuna nazi. "Kwani nimekosea?"

"Hukukosea. Basi tu."

"Mwalimu kasema nini?"

"Hajasema kitu, Mama. Basi."

Bibi aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama chombo kilichoanza kuvuja. "Mkono umekuwa mzito," alisema. "Zamani mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, muulize yeyote pale Chake. Miwani hii nayo." Halafu akanigeukia mimi. "Nisamehe, mke mwenzangu. Nimekuharibia." Baba alikuwa amesimama pale pale. Alisikia mama yake akiomba radhi kwa mwandiko mzuri kuliko wowote uliowahi kuingia shule ile, na alichofanya ni kuvua koti na kulitundika.

Kama hadithi hii ingekuwa ya kunisifu mimi, ningesema kwamba nilimkumbatia Bibi. Sikumkumbatia. Nilikuwa na miaka kumi na hasira yangu haikuwa na pa kwenda, kwa Baba ilikuwa haifiki, kwa mwalimu ndiyo kabisa, basi nikaimwaga pale palipokuwa karibu. Jioni ile alichemsha chai, akanyoosha mguu, akasema haya, mto je, umerudi? Nikamjibu, "Leave me alone, Bibi." Hakujua maneno, alijua sauti. Akaukunja mguu. Alibakiwa na wiki nne London, na wiki hizo nne nilimjibu kwa Kiingereza kila aliponisemesha, na nikajiambia kwamba namtii Baba. Giza lilianza kupungua. Alikaa dirishani na mtandio wake wa kijani akisubiri jua lizame, na lilipozama hakuna kilichofuata. Mwezi wa Machi tulimpeleka uwanja wa ndege.

Kila Ijumaa tulimpigia simu kwa kadi, na kila Ijumaa, akishamaliza kuulizia afya za watu wote, alisema apewe mke mwenzake, na kwangu alikuwa na swali moja. Mto? Nilikuwa nampa Mama simu. Ningeweza kwenda maktaba kuazima kitabu kingine kama kile, hakikuwa adimu. Sikwenda. Nilisusa, na sikujua kwamba mtu anayesusa na mtu anayesuswa huzeeka kwa mwendo tofauti. Bibi alifariki miaka miwili baadaye, hajajua. Mimi mwenyewe nilikikuta kitabu nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye meza ya vitabu vikuukuu nje ya kanisa moja Peckham, nikasoma zile sura tatu nimesimama, watu wakinipitia na mifuko ya ndizi na viazi vikuu. Mto haurudi. Wanakijiji wanabomoa kinu, wanakibeba jiwe kwa jiwe mpaka bondeni, wanakijenga upya pale mto ulipoamua kukaa, na wazee ndio wanaotangulia mbele kuutaka radhi. Bibi alikuwa sahihi tangu sura ya kwanza, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa nina mtoto wangu, Idrisa, ana miaka minane. Tunaishi Wembley, Baba naye amehamia karibu yetu tangu Mama alipofariki. Idrisa anaelewa kila neno la Kiswahili na anajibu kwa Kiingereza, na Baba analalamika. Analalamika! "Hamkumfundisha mtoto lugha," ananiambia, mezani kwangu, akila wali wangu, na mimi huinuka nikaenda kuosha sahani safi. Mwezi uliopita shule ya Idrisa ilituletea barua yenye picha za rangi. Wazazi wanaombwa kuwasomea watoto kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa lugha mbili zinamjenga mtoto. Mababu na mabibi wanakaribishwa darasani kutoa hadithi. Niliisoma mara tatu nimesimama kwenye ujia, nikatamani kujua yako wapi makaratasi ya zamani yaliyosema kinyume, na nani aliyaandika, na kama analala usingizi. Hakuna aliyetuma barua ya kusema tulikosea. Wamebadilisha tu rangi ya karatasi.

Baba alijitolea kabla sijamwambia. Alikwenda na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kiua, saa nne asubuhi, jua limejaa madirishani, akatoa hadithi ya sungura kwa Kiswahili na Idrisa akaifasiri kwa msaada wa mwalimu kijana. Alikuwa mzuri, sitasema uongo. Alibadilisha sauti, alinyamaza panapostahili, watoto thelathini wa kila rangi walimwegemea. Idrisa alisimama pembeni yake akifasiri, uso unang'aa. Mkuu wa shule alimshika Baba mikono yote miwili, akasema ni hazina. Walipiga makofi. Walimpiga picha ya gazeti la shule. Mimi nilikaa nyuma kwenye kiti kidogo, magoti kifuani, na nilikuwa nimekasirika hivi kwamba masikio yalikuwa yananiuma.

Tulitoka pamoja tukaenda kusubiri basi. Alikuwa amechangamka, akaniuliza kama niliona walivyopiga makofi. Nikamwambia niliona. Halafu nikamwuliza, "Baba, Bibi aliandika nini?"

Hakuniuliza Bibi yupi, wala wapi, wala lini. Imepita robo karne na hakuniuliza. Alitazama upande basi linakotokea.

"Kila siku aliandika mlipofika," alisema. "Na maoni yake juu ya watu wa kile kijiji. Hakuwapenda." Akashika nguzo ya kituo. "Ukurasa wa mwisho aliandika barua. Mwalimu, asalaam alaykum. Mimi ni bibi wa mtoto huyu. Kila jioni namsikiliza. Anasoma kwa lugha yenu na kunipa kwa lugha yangu bila kusimama, na katika umri wangu sijaona mtoto anayeweza hivyo. Naomba umsimamishe mbele ya watu. Naomba na mimi niitwe, nije nimsikilize."

Alisema yote kwa pumzi moja, bila kutafuta neno.

"Uliyasoma hayo pale pale, mwalimu anakutazama."

"Niliyasoma."

"Ukasema ni michoro."

"Nilisema." Kofia yake ilikuwa imekaa upande, hakuiweka sawa. "Daftari nililitupa stesheni kesho yake, nikienda kazini. Niliogopa Mama asije akaliomba."

Nilimsubiri aendelee. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka yote hiyo kuvunjavunja utetezi wake, kwamba alikuwa mgeni, kwamba alikuwa peke yake, kwamba mwalimu yule alimtazama vibaya, na nilikuwa na jibu la kila kimoja. Hakutoa hata kimoja. Basi likaja. Nilimshika mkono nikampandisha kwa sababu ya goti lake, nikamketisha kwenye viti vya wazee mbele, na njia nzima mpaka kwake nilisimama, ingawa kiti cha pembeni yake kilikuwa wazi.